Magunia Sitini na Manne

Ibadakuli, Shinyanga
2 Julai 2025

Baba,

Shikamoo.

Nimekupigia simu tangu Pasaka. Inaita hadi inakata. Mara mbili uliipokea, nikasikia pumzi zako na kelele za karasha, ile mashine ya kusagia mawe, nyuma yako. Nikasema, "Baba, ni Nyamizi." Ukasema, "Haloo, haloo," kisha ukakata. Mwanzoni nilijiambia ni mtandao. Baadaye nikajiambia bado umekasirika. Sasa naandika, kwa sababu barua haikatwi katikati.

Pantaleo, dereva wa lori la mchele, amekubali kuibeba. Anasema kila wiki anapita Katoro hadi huko machimboni kwenu na anakufahamu: "Mzee Bujiku wa duara la juu, yule asiyecheka."

Sijasahau ulichosema siku nilipoanza kulima uani kwa marehemu mama. "Sikukupeleka chuo Morogoro ukajifunze kushika jembe. Jembe tulikuwa nalo." Sikukujibu siku ile, na leo sina jibu la maneno.

Nina jambo. Nyuma ya shule ya msingi hapa mtaani kuna kile kiwanja kitupu tulichokuwa tukichezea rede. Tangu mwezi wa tano Mwalimu Asteria, mwalimu mkuu, ametupa sisi wanawake tisa tukitumie kwa majaribio. Tarehe 10 Oktoba kamati ya shule itakaa. Siku hiyo tukiwalisha watoto wote, mia nne na kumi na wawili, mboga za majani zilizoota pale pale, kiwanja kinabaki kwetu na watoto wanaacha kula makande matupu. Tukishindwa, kinapewa Sostenes, mjumbe wa kamati, anayetaka kufyatulia tofali.

Oktoba, Baba. Unaijua Shinyanga ya Oktoba. Sostenes naye anaijua, ndiyo maana tarehe hiyo aliiunga mkono kwa mikono miwili. Akinikuta njiani ananipigia saluti: "Mhandisi wa mchicha! Siku ikifika tutakuja na sahani zetu."

Ardhi ya pale imekuwa ngumu kama sakafu, na maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki. Tunapanda kwenye magunia. Tunayo kumi na moja. Tunahitaji sitini mengine, na Rwamgasa, nakumbuka, magunia yamelala kila kona.

Sikuombi kitu kingine.

Binti yako,
Nyamizi


Rwamgasa, Geita
19 Julai 2025

Kwako Nyamizi,

Marahaba, mayu, mama yangu. Mimi nakula na ninalala. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yote miwili.

Simu ilianguka ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, futi mia na ishirini. Usinipigie tena. Andika, kama ulivyofanya.

Sikukasirika. Nimezeeka tu, na mzee akinyamaza watu hudhani amekasirika.

Hilo la mboga kwenye gunia sijalielewa. Gunia ni la kutoa kitu mahali na kukipeleka mahali. Wewe unataka lisimame. Udongo wa kwenye gunia si ardhi, ni mzigo. Ardhi alikuwa nayo babu yako. Unaikumbuka ngitili yake, ile sehemu aliyokuwa akiifunga kila masika ili nyasi zikue, asiingie ng'ombe hata mmoja mpaka kiangazi kikali? Hakujenga ukuta. Alifunga kamba ya katani kwenye miti miwili, akatamka siku ya kufungua, basi. Nikiwa mdogo niliingiza ndama siku tatu kabla. Nilichapwa na babu yako, kisha na jirani aliyenikamata, kisha na mama kwa kuwasumbua hao wawili.

Hiyo ndiyo akiba ninayoijua. Ya gunia siijui.

Hayo sitini unayotaka, yawe makubwa au madogo?

Baba yako,
Bujiku


Ibadakuli
3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo.

Makubwa.

Swali lako la mwisho nimelisoma mara nyingi kuliko barua yote. Sikulitarajia.

Tunafanya hivi. Unasimamisha gunia, unaweka katikati kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza kokoto. Unazungushia udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, unavuta tena, mpaka gunia lijae na kokoto zibaki zimesimama ndani kama nguzo. Maji unayamwaga juu ya kokoto. Yanashuka mpaka chini, jua haliyapati. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupanda, juu chainizi, pembeni mchicha na sukuma wiki. Gunia moja linabeba miche arobaini na linakunywa lita tano kwa siku, tena maji yaliyokwisha kuoshea mchele.

Wewe ulilima pamba kwa mvua uliyoifahamu. Ilikuwa na tabia, kama mtu. Mvua hiyo haipo tena, Baba. Mwaka huu ilinyesha yote kwa siku nne, ikazoa barabara na kuku wa jirani yetu Mwanaima, kisha hatukuiona wiki tano. Ule mwaka ng'ombe wetu walipokufa, ulikaa mlangoni ukiangalia juu kila asubuhi, nami nilikuwa nakuangalia wewe. Nadhani nilikwenda Morogoro kwa ajili ya shingo yako ile. Nilisoma huko vitabu vingi kuhusu hali ya hewa, na nilichobaki nacho ni kidogo: shamba linaingoja mvua, gunia haliingoji.

Niliwasomea wenzangu habari za kamba ya babu. Mama Noela, mkubwa wetu, akasema, "Kumbe umetoka kwa watu wenye akili! Mimi nilidhani umeokotwa Morogoro." Sasa wameamua nasi tufunge kamba. Magunia yakishapandwa, hakuna mkono utakaogusa jani mpaka tarehe 10 Oktoba. Tunachochuma sasa ni majani ya kunde tulizozipanda ardhini kando ya uzio. Mama Noela anayakausha kuwa nsansa, anajaza ndoo baada ya ndoo. Nikimwuliza za nini anasema, "Wewe endelea na elimu yako."

Nyamizi


Rwamgasa
12 Agosti 2025

Nyamizi,

Pantaleo anakuletea magunia sitini na manne. Nimeyafua mwenyewe mara tatu kwa sabuni, nikayaanika juu ya miamba. Vijana wa hapa wamenicheka, "Mzee amefungua dobi!" Wacheke.

Usishukuru. Panda.

Bujiku


Ibadakuli
6 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo, na wabeja. Umenikataza kushukuru kwa Kiswahili tu.

Ungekuwepo ukaone! Magunia sitini na manne yamesimama mistari minane, na kila moja limeota nywele za kijani. Kila kitu kingine mjini kina rangi ya vumbi: mbuzi, mabati, hata mbwa. Watu wanaoshuka uwanja wa ndege wanasimamisha bodaboda ili wapige picha. Chainizi zina majani mapana kama kiganja chako. Nasimama pale asubuhi kabla wenzangu hawajafika, na ninaona aibu kidogo kwa furaha niliyo nayo, kana kwamba nimeiba kitu.

Kamba ipo. Juzi Mwanaima alilalamika, "Nyumbani nakula dagaa wakavu, na mboga ninazinywesha mwenyewe kila siku! Jani moja tu, Nyamizi, moja la kuonja." Kabla sijajibu, wenzake walimzomea wote kwa pamoja.

Sostenes naye alifika. Aliruka kamba, akalishika gunia la kona kwa mikono miwili akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikuchanika. Akanyooka, akajipangusa vumbi. "Haya magunia si ya kawaida. Yalibeba nini mpaka yakawa magumu hivi?" Nikamwambia nitamwuliza mwenyewe aliyeyaleta. Kwa hiyo mjibu, Baba. Nataka nimsomee jibu lako mbele za watu.

Siku thelathini na nne zimebaki.

Nyamizi


Rwamgasa
9 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Nyamizi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mwamba, nikaisoma tena chini ya turubai. Wenzangu wameuliza kulikoni, mzee anaonyesha meno.

Mjibu Sostenes hivi. Mwambie magunia ya mjini hubeba pumba na kelele, ya Rwamgasa hubeba mawe. Haya niliyokutumia nimeyachagua moja moja. Yametumika mwaka mzima pale mwaloni, tunakooshea dhahabu, kusombea marudio, ule mchanga ambao umekwisha kuoshwa dhahabu kwa zebaki na sisi tunauosha upya. Ni mzito kuliko risasi, na unabebwa ukiwa umelowa. Lakini halikupasuka hata moja. Mwambie aje na ng'ombe wawili wavute.

Na mimi nikujibu wewe, kuhusu shingo yangu. Sikujua kama ulikuwa unaniangalia.

Nilisema udongo wa gunia ni mzigo. Labda nilikosea. Au labda mzigo nao unaweza kuota.

Baba yako anayejivunia,
Bujiku


Ibadakuli
19 Septemba 2025

Baba,

Lori la Pantaleo liliharibika Masumbwe. Barua yako imekaa chini ya kiti cha dereva siku tisa.

Nimeipokea leo saa nne asubuhi, nikaanza kuisoma kwa sauti katikati ya magunia, kwa sababu Mama Noela alitaka kusikia Sostenes anavyojibiwa. Walicheka sana penye pumba na kelele. Nilipofika kwenye neno marudio, niliacha kusoma nikaikunja barua. Mama Noela akanipiga begani: "Lia tu mwanangu, baba ni baba."

Zebaki haitoki kwa sabuni. Inajificha ndani ya nyuzi za gunia, inaingia kwenye udongo, mizizi inaivuta, jani linaibeba. Mtoto akiila inakaa kwenye ubongo na mishipa yake, na haitoki kirahisi.

Pengine iliyopo ni kidogo sana. Pengine haipo. Kupima kunachukua mwezi na zaidi, na kamati inakaa baada ya siku ishirini na moja. Kwa macho, mboga hizi ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Hakuna ambaye angejua. Nimekaa na sentensi hiyo saa nzima, nyuma ya tangi la maji, peke yangu. Nataka ujue kwamba nilikaa nayo saa nzima.

Wewe hukujua. Mimi nimesomea udongo miaka mitatu na sikuuliza gunia lilibeba nini. Sostenes aliuliza. Sostenes, Baba!

Hakuna aliyekula hata jani moja. Watoto wa hapa wameokolewa na kamba ya babu. Cheti changu hakikufanya kitu.

Nawaita wenzangu sasa. Tunang'oa yote.

Nyamizi


Rwamgasa
22 Septemba 2025

Nyamizi,

Nilidhani kufua ni kusafisha.

Hapa kina mama wanaanika mihogo juu ya magunia hayo hayo. Tumeishi hivyo miaka yote. Nimewapelekea barua yako, nikawasomea ile sehemu ya mtoto. Waliyakusanya yote. Mama mmoja amenionyesha mihogo ya jana, akitaka kujua aifanyeje. Mwandikie wewe, unieleze, nitamsomea.

Kiwanja chako nimekikosesha mimi. Usinisamehe haraka.

Bujiku


Ibadakuli
28 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo.

Mihogo ya jana aitupe, kwenye shimo refu, kuku wasiifikie. Kuanzia sasa aanike juu ya mkeka au bati safi.

Sasa keti. Nina mengi.

Niliwaambia wenzangu wote wanane, nimeshika barua yako. Mwanaima akanisogelea mpaka nikahisi joto la uso wake.

"Mimi nimebeba maji ya magunia haya kichwani siku thelathini na tano. Unaniambia nilikuwa nanyweshea sumu?"

"Inawezekana."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Basi liseme kwa sauti. Usilisemee kifuani kama mgonjwa."

Nikasema kwa sauti. Akageuka, akashika chainizi ya kwanza na kuing'oa na mizizi yake, akaitupa chini. Akashika ya pili. Nilidhani ni hasira, na ilikuwa hasira, lakini alikuwa anafanya kazi. Kufikia saa kumi hapakuwa na jani limesimama katika mistari ile minane. Bwana afya wa kata alikuja, akatupatia glavu na nailoni nzito, tukafungasha udongo na magunia na mboga, gari la manispaa likavichukua. Sampuli sita zimepelekwa maabara.

Sostenes alipita na baiskeli, akafunga breki. "Vipi, mmehama?" Akapima kiwanja kwa hatua, mbele yetu, akihesabu: hapa tanuru, hapa pa kuanikia.

Nilirudi nyumbani nikiamini yamekwisha. Asubuhi nilikwenda kukabidhi ufunguo wa geti, nikakuta geti liko wazi na Mama Noela amesimama mbele ya kamba, na beseni la plastiki lililopasuka ukingo.

"Hili," akatangaza kama yuko mnadani, "limemwogesha Noela na wadogo zake wanne. Kilichoingia humu nakijua chote, na chote ni mbolea!"

Wakacheka hadi wakaegemeana. Kisha kila mmoja akaleta cha kwake, na hakuna chombo kilichovuka kamba kabla ya mwenyewe kusema mbele ya wote kilibeba nini. Ndoo iliyobeba togwa. Sufuria la harusi lisilo na kitako. Magunia ya sukari, ya sembe, ya mchele, kutoka kila jiko la mtaa. Hata wasio wa kikundi walipanga foleni. Mimi nikaburuta sanduku langu la bati la shule.

"Lilibeba nini?" akauliza Mwanaima.

"Vitabu. Na cheti."

"Vina sumu?"

"Kidogo."

"Pitisha."

Tulipanda mchicha siku hiyo hiyo, tarehe 20, mbegu za kumwaga, kwa samadi ya zizi la Mama Noela. Mchicha unahitaji siku ishirini ukitunzwa vizuri. Umechomoza siku ya nne. Yale magunia yetu kumi na moja ya kwanza, ambayo historia yake tunaijua, yapo na sukuma wiki zake. Haitoshi watoto mia nne. Nilipopiga hesabu hiyo kwa sauti, Mama Noela alinishika mkono akanipeleka stoo ya shule, akafunua kanga. Ndoo kumi na tisa za nsansa. Kunde zetu za kando ya uzio, zilizokauka, nyeusi, nyepesi kama karatasi. "Mama yangu hakusoma," akasema, "lakini hakuwahi kuiamini mvua hata siku moja."

Na jambo la mwisho. Nilimwuliza Pantaleo kwa nini hukuwahi kununua simu nyingine. Alizungusha kofia yake, akaniambia. Anasema mwezi wa tatu baruti ya kupasulia mwamba ililipuka kabla ya wakati nawe ukiwa karibu. Anasema amewahi kupiga honi ya lori nyuma yako hatua tatu, hukugeuka.

Kumbe uliposema haloo, haloo, ulikuwa unanitafuta.

Miezi mitano nimeishi nikidhani unaninyima sauti yako. Sitakuuliza kwa nini ulificha. Ninajua kuficha, nimerithi kwako. Ila njoo tarehe 10. Yatakayosemwa nitakuandikia pale pale.

Binti yako,
Nyamizi


Darasa la saba B, Ibadakuli
10 Oktoba 2025, saa nane mchana

Baba uliyekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni,

Soma tu, usiinue kichwa mara kwa mara. Sostenes anakuangalia. Karatasi zikijaa nitakupitishia nyingine.

Uliwaona watoto wakila, kwa hiyo hilo siliandiki. Ninaandika kinachosemwa.

Mwalimu Asteria anasema sahani zilizotoka jikoni ni mia nne na kumi na mbili, na zilizorudi na chakula ni mbili, za watoto wawili wenye homa. Ugali, mchicha na sukuma wiki, na nsansa ya karanga. Watu wanapiga makofi.

Sostenes amesimama. "Mwenyekiti, masharti yalisema mboga zilizoota hapa. Mchicha nimeuona, sawa. Hii nyeusi iliyokauka imetoka wapi? Sokoni?"

Mama Noela hajangoja kuruhusiwa. "Imetoka pale unapoegemeza baiskeli yako kila siku, Sostenes. Zilikuwa kunde. Mbili ulizikanyaga, nilikusamehe."

Wanacheka. Mwenyekiti anagonga meza.

Sostenes bado amesimama. Sasa hachekeshi. Anasema: "Basi tuambiane ukweli. Hawa hawa, wiki tatu zilizopita, walikuwa na magunia ya sumu humu ndani. Nani anatuhakikishia? Nani aliyaleta?"

Chukua karatasi hii, soma. Nasimama. Ngoja.

Baba, kaa. Sijaanza hata kuongea. Baba, umesimama wewe.

Unapaza sauti kuliko unavyodhani. Hata waliopo nje wameingia. Naandika maneno yako ili nawe uyaone: "Magunia niliyaleta mimi! Bujiku wa Rwamgasa! Hawa hawakujua. Walipojua waling'oa siku ile ile, mkiwa hamjui hata mmoja wenu! Mimi sijawahi kuona mtu anang'oa shamba lake kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Nimeona watu wakifukia mambo. Nimefukia mengine mwenyewe. Mnataka kumpa nani kiwanja, kama si hawa?"

Umekaa.

Sasa mimi. Nimerudi. Nimesema mafupi: kwamba majibu ya maabara hayajarudi na hatukuyasubiri, na kwamba kila chombo kilichoko kiwanjani kina mtu aliyesema hadharani kilibeba nini, na Sostenes anaruhusiwa kuuliza chombo chochote apate jibu sasa hivi.

Ameuliza! "Lile sanduku la bati?"

Wanawake wenzangu wote wanane, pamoja: "Vitabu na cheti!"

Mwenyekiti anaomba mikono. Wajumbe ni kumi na wawili. Nahesabu. Kumi na moja. Wa kumi na mbili ni Sostenes. Mkono wake mmoja una sahani, anakomba nsansa kwa kidole, nadhani amesahau kama yuko kikaoni. Mwalimu Asteria anamwuliza. Ameinua sahani.

Kumi na wawili, Baba.

Mwenyekiti anasema kiwanja ni cha kikundi mpaka shule itakapohama, na shule haina miguu. Mwanaima amevua kanga anaizungusha hewani. Mama Noela anapiga vigelegele, huvisikii, lakini dirisha linatetemeka, weka kiganja chako kwenye kioo.

Siwezi kuandika tena, wananivuta mkono


Ibadakuli, mezani kwako
11 Oktoba 2025

Nyamizi, mayu,

Umelala, na jua limekwisha kupanda. Nimekuachia uji. Nakuandikia ingawa tuko nyumba moja, kwa sababu naona kwa barua tunaongea vizuri kuliko tulivyowahi kuongea nilipokuwa nasikia.

Jana niliweka kiganja kwenye kioo. Nilivisikia.

Nilificha kwa sababu mchimbaji asiyesikia hashuki shimoni, na baba asiyeshuka shimoni nilidhani hana cha kumtumia binti yake. Nikakutumia magunia. Unajua yaliyofuata.

Nitarudi Rwamgasa na Pantaleo, siku tatu, kuchukua blanketi langu na kuwasomea wale kina mama mambo mengine mawili matatu ambayo utayaandika. Kisha narudi hapa. Sostenes ameniandikia vumbini kwa kidole kwamba anahitaji mtu wa kumfundisha kufunga kamba kwenye uwanja wake, anataka magunia kumi. Sijamwambia ndiyo. Nimemwandikia chini yake, "Kwanza omba radhi kwa kunde mbili."

Kabla ya kufika hapa juzi nilipitia ngitili ya babu yako. Imesimama, Nyamizi. Kamba imeoza, lakini hakuna aliyeingia. Nilipiga magoti, nikakwangua udongo wa juu chini ya nyasi, nikautia kofiani, kofia moja tu, sikuchimba. Uliona nimeshika kofia mkononi juani ukadhani ni heshima.

Asubuhi hii nimeamka nikaangalia juu, mazoea. Hakuna wingu. Nikaangalia chini nikaendelea na kazi.

Ukitoka uani utakuta gunia limesimama karibu na mlango, kokoto katikati, kama ulivyonielekeza kwenye barua ya Agosti. Juu kabisa nimeweka udongo wa babu, na mchicha. Gunia nimepewa na Mwanaima. Lilibeba sukari, na kabla ya sukari lilikuwa jipya.

Nimeuliza.

Baba yako,
Bujiku